Tarehe ya Swetshati

Jumatatu, 2 Februari 1987

Theluji imefika dirishani. Bomba la jikoni limeganda tena. Emlyn Pritchard hali yake mbaya, na mwisho wa kupokea barua za jarida ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kati ya mambo haya, la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Niandike kwa utaratibu, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wenye akili. Mimi ni Kazimir Dudek, umri miaka sitini na minane, fundi mashine mstaafu wa kiwanda cha kufuma hapa Garrow, ambacho siku hizi wakazi wake ni njiwa. Kwa miaka thelathini na moja mimi na Emlyn tumewinda neno moja tu: swetshati. Vazi lenyewe kila mtu analo. Fulana nzito ya pamba, mikono mirefu, ndani laini. Neno ni mawili yaliyooana, jasho na shati. Nani aliyaozesha? Wapi? Lini? Emlyn anashikilia kuwa ni wanariadha wa vyuo. Anasema hata sweta asili yake ni nguo ya kumtoa mtu jasho, waliyoivaa wapiga makasia ili wapungue. Mimi nasema ni sisi. Ni watu wa chumba cha mvuke cha kiwanda hiki, waliovaa fulana zilizokosewa kushonwa ili zinyonye jasho lao. Mama alishona ncha za mikono mle ndani miaka ishirini na tisa. Hakuna kitabu chochote duniani chenye jina lake.

Kazi yetu ina sheria moja: hakuna ukurasa, hakuna neno. Ukisema babu yako alilitamka, wanakucheka. Lazima uonyeshe ukurasa uliochapwa na mwaka wake. Mwenye mwaka wa zamani zaidi ndiye mshindi, na jarida la watafuta maneno huchapa jina lake.

Mwaka 1956 tulipeana mikono kwamba chochote tutakachopata kitatoka kwa majina yetu mawili. Nilikuwa na miaka thelathini na saba tu. Mtu hafungwi maisha na mambo ya ujana.

Jumatano, 4 Februari

Nimempelekea Emlyn supu ya kabichi. Mpango: anywe, alainike, anionyeshe kasha.

Kasha ni la viatu, limefungwa kamba, na ndani mna vikaratasi vyake vyote. Kila anachokisoma hukinakili: neno, ukurasa, mwaka. Mimi pia nina kasha langu, ila langu lina nafasi.

Amebaki mifupa na nyusi. Mapafu yamejaa vumbi la pamba, miaka arobaini katika chumba cha kuchambulia. Mtungi wa oksijeni uko kando ya kitanda, mpira puani. Alikunywa vijiko vitatu, akasema kabichi yangu ina ladha ya soksi. Nikamuuliza kwa upole kama kuna jipya kashani. Akatabasamu. Akaniuliza Mama alishonea meza ya saba au ya nane. Nikamwambia ya saba, kwa nini? Akasema basi tu.

Dawa zimeanza kumchanganya. Maskini. Nimeacha supu iliyobaki, ila bakuli nimerudi nalo.

Ijumaa, 6 Februari

Aibu tupu.

Emlyn alikuwa amelala. Rhoda, binti yake, alikuwa nyuma uani akizoa theluji. Kasha liko uvunguni. Nikapiga magoti, nikaingia mpaka mabegani, nikaligusa kwa ncha ya kidole. Mgongo ukakataa. Kabisa! Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi nyuma. Nikalala pale na mavumbi na kandambili moja, nikimsikia Emlyn akivuta pumzi juu yangu, kila pumzi na mluzi wake.

Rhoda akaingia. Akauliza, mjomba Kaz, kuna nini huko chini? Nikamwambia nasali. Akasema Wapolandi mnasali vibaya, akanivuta kwa mikanda ya suruali. Ndipo Emlyn akafungua jicho moja. "Mwache, mwanangu," akasema. "Anatafuta mwaka. Angeniuliza ningempa."

Uongo. Hakuna mtafuta neno anayetoa mwaka bure. Mimi nisingetoa.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya misa nilimpigia simu Bi. Tucci, mkutubi wa mji wa kaunti. Habari kubwa! Wamepokea majarida ya zamani ya wafanyabiashara wa nguo za kufuma, yamejalidiwa, hayajaguswa na mtu. Kadi ya jarida inasema 1889. Elfu moja mia nane themanini na tisa! Kama neno liko humo, kamusi zote zitapiga magoti.

Tatizo: majira ya baridi chumba cha majarida hayo hufunguliwa Alhamisi tu, saa saba hadi saa kumi mchana. Mafuta ya kupashia joto ni ghali. Na Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho kabla ya jarida la watafuta maneno kufunga.

Jioni nikapita kwa Emlyn na pierogi, sambusa zetu za Kipolandi za kuchemsha. Hakugusa. Rhoda akanitoa hadi barazani, akiwa amekunja mikono. Akasema Alhamisi ana zamu ya mchana kiwanda cha jibini na hawampi ruhusa tena, keshazitumia zote. Muuguzi huondoka saa saba, yeye hurudi saa kumi na moja. Baba yake haogopi kufa, anaogopa kufa peke yake akitazama dari. Je, ningekaa naye?

Nikasema bila shaka. Ningesema nini? Alikuwa analia.

Emlyn akaniita kutoka chumbani. "Alhamisi njoo na miwani yako, Kaz. Ile nzuri. Kuna kitu nataka ukisome mwenyewe kwa macho yako." Nikamwambia nitakuja. Akanikumbusha mara mbili. Miwani ya nini? Majuzi alitaka nimsomee orodha ya mbegu za nyanya.

Jumatano, 11 Februari

Nimepima pande zote mbili kwa haki.

Upande wa Emlyn: rafiki wa miaka thelathini na moja, mgonjwa, nimeahidi. Upande wangu: 1889.

Tena daktari alisema anaweza kufika Pasaka. Mtu wa kufika Pasaka hawezi kushindwa kufika saa kumi na moja. Na nikipata mwaka ule, si atafurahi? Nitamweleza taratibu kwa nini jina lake halimo.

Nimeshaandika barua, nimeacha pengo la namba ya ukurasa tu. Nimesema kuwa nimefanya kazi hii peke yangu tangu mwanzo. Nimesema Bwana Pritchard ni mtu mwema, lakini katika suala la swetshati hajawahi kunisaidia wala kupata chochote. Nilipofika kwenye neno "chochote" kalamu ilikwama. Nikabadilisha kalamu.

Alhamisi, 12 Februari

Ushindi!

Saa sita nilimpigia Emlyn. Nikamwambia gari limekataa kuwaka, baridi imeua betri. Nikasikia ule mluzi wa kifua ndani ya simu. Akasema, "Sawa, Kaz. Baridi ya leo kweli mbaya. Likiwaka, njoo hata kwa dakika tano." Nikakata haraka. Nikashuka, nikatia ufunguo. Likawaka mara moja, halina hata aibu.

Bi. Tucci alinipa juzuu lenyewe. Aliyelijalidi alikuwa ameng'oa majalada ya kila toleo, kwa hiyo ndani hakuna mwaka, lakini kadi inatosha. 1889, imepigwa taipu, halafu doa dogo mbele yake, nadhani inzi. Nilipekua saa mbili nzima nikiwa na koti na glavu. Ukurasa wa 212. Neno lilikuwa limekaa pale katikati ya safu limetulia: swetshati za rangi ya kijivu, dazeni kwa dazeni. Nilimfikiria Mama na vidole vyake vilivyopinda.

Kwenye ukurasa uleule kuna tangazo la redio ya kuweka ndani ya gari. Ajabu, watu wa zamani walikuwa wameendelea kuliko tunavyodhani.

Bi. Tucci alitaka kuniambia jambo kuhusu kadi. Nikamwambia mama, sina muda, posta inafunga. Kufikia saa tisa na dakika arobaini barua ilikuwa imepigwa muhuri. Nikajinunulia biskuti mbili za nusu nyeupe nusu nyeusi, nikala moja garini. Ya pili nilimwekea Emlyn.

Nilipita kwao saa kumi na mbili. Taa za nyumba nzima zilikuwa zinawaka na kulikuwa na gari nisilolijua nje. Nikaona wana wageni. Nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 13 Februari

Amekufa jana. Rhoda alimkuta saa kumi na moja. Daktari anakadiria ilikuwa kati ya saa tisa na saa kumi. Simu ilikuwa kifuani pake, mkono wake juu. Rhoda anasema huenda alikuwa anampigia mtu. Sikuuliza nani. Mimi sikuwa nyumbani kuisikia ikilia.

Rhoda akaniuliza, "Gari lilipona, mjomba?" Nikamwambia lilipona jioni. Akanitazama muda mrefu sana. Kisha akasema asubuhi alipokuja kunipa habari aliona alama za matairi yangu, zimeganda tangu mchana. Bora angenitukana.

Nimekaa jikoni na koti mwilini, nimelia kama mtoto. Miaka thelathini na moja. Hakuna mtu mwingine Garrow ambaye ningeweza kumwambia kuhusu ukurasa wa 212. Ile biskuti bado iko mezani.

Kisha nikakumbuka kasha. Nani atalirithi?

Jumatatu, 16 Februari

Tumemzika. Baridi ilikuwa kali hata udongo ulivunjwa kwa mashine. Kwaya ya kanisa lao iliimba Kiwelshi, wazee sita, wawili wakikohoa kikohozi kilekile cha Emlyn. Nilikuwa miongoni mwa wabebaji. Jeneza jepesi.

Alikuwa ameomba azikwe na swetshati ya kijivu, ya shehena ya mwisho ya kiwanda. Kabla hawajafunga niliinama kama mtu wa kumuaga rafiki, nikaigeuza shingo kidogo nione lebo. Shemeji yake akaniona. Nikambusu marehemu paji la uso ili mambo yakae sawa. Lilikuwa baridi mno.

Baadaye, kwenye ukumbi, kati ya sahani za pasta na mkate wa nyanya, Rhoda akaniletea kasha. Alisema baba yake aliacha agizo, ni lako, chukua. Alilisema akitazama pembeni.

Nimelifungua nyumbani. Vikaratasi mia tisa hivi. Nikaenda moja kwa moja kwenye swetshati. Cha juu kabisa, kwa mwandiko wake wa zamani, kinasema hivi: "Jarida la wafanyabiashara wa nguo za kufuma, ukurasa 212. SI HUU. Nilienda hadi maktaba ya jimbo kule Albany kuuona mwaka 1961. Mwaka ulio kwenye kadi ni mwaka jarida lilipoanzishwa, ndiyo maana una kistari mbele. Juzuu hili ni la miaka arobaini baadaye, tazama tangazo la redio. Nusura niitume! Kaz angenicheka mpaka kufa. Kumwonya, siku akifika hapa."

Hivyo lile doa halikuwa la inzi.

Nimekunywa glasi mbili. Barua imeshakwenda. Lakini mhariri naye ni binadamu, ana kazi nyingi, pengine mvivu. Tusikate tamaa.

Ijumaa, 27 Februari

Mhariri si mvivu.

Barua ina kurasa mbili. Nainakili iliyo muhimu, kwa hasira. Anasema mwezi wa kwanza walipokea ugunduzi wa neno swetshati kwa jina la Bwana Kazimir Dudek wa Garrow, ulioletwa kwa mkono wa rafiki yake Bwana E. Pritchard. Ni nakala ya ukurasa wa gazeti dogo la wafanyakazi wa kiwanda chetu, miaka minne kabla ya mwaka uliomo kwenye kamusi. Sentensi yenyewe inasema meza ya saba, chini ya Bi. Stasia Nowak, imemaliza swetshati dazeni sitini kwa wiki moja, na wanastahili pongezi.

Stasia Nowak ni Mama, kabla ya kuolewa.

Anaendelea kusema walifurahi mno, ukurasa ulikuwa umeshapangwa kwa toleo la masika, na wenye kamusi walikuwa tayari kuichukua sentensi ile neno kwa neno. Sasa imefika barua ya pili ya Bwana Dudek yuleyule, yenye kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi, na ambamo anaapa kuwa Bwana Pritchard hajawahi kupata chochote. Mmoja wenu anasema uongo, anaandika, na hatuwezi kujua ni nani. Wameziondoa zote mbili. Hawatapokea tena kitu chenye jina langu. Ila kama karatasi asili ya kile kigazeti ipo, na mtu wa kuaminika akaituma, wataitazama kwa jicho jipya.

Nimesoma mara nne. Alinipa. Aliweka jina langu peke yake, la kwake hakuliweka. Ndicho alichotaka nikisome kwa miwani yangu nzuri.

Maumivu haya siyawezi. Na nitasema ukweli hapa, ambapo hakuna anayenisikia: Emlyn amenikosea. Mtu akikuandalia zawadi anapaswa akwambie! Ningejuaje?

Jumamosi, 28 Februari

Rhoda amekuja na bati la biskuti. Alilikuta nyuma ya mitungi ya oksijeni waliyokuja kuichukua. Ndani mna karatasi moja tu, ya kahawia, nyembamba kama ganda la kitunguu, ya kile kigazeti chenyewe. Ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Nilimwonyesha barua ya mhariri. Alisoma, akakunja. Akasema, "Mjomba, mimi sina nguvu ya kukuchukia. Baba hakukuchukia. Mimi nitaituma kwa jina langu, nieleze ilivyokuwa, na mama yako aingie kwenye kamusi. Hilo tu ndilo alilotaka." Nikamwambia ana moyo wa dhahabu, karatasi ni dhaifu, aniachie mimi niifunge vizuri. Akasita. Kisha akaniachia.

Jumapili, 1 Machi

Nimefikiri usiku kucha na leo mchana baada ya misa. Rhoda akiituma na maelezo, maelezo hayo yatasema nini? Yatasema gari. Yatasema simu. Na sifa itaangukia akina Pritchard, watu ambao babu zao walikuwa hawajui hata kushona kifungo.

Mpango mpya, na huu hauna dosari. Karatasi itatumwa na Profesa A. Remington Vale, msomi wa mambo ya kale, ambaye nimemtunga nikinywa kahawa. Hana kosa lolote katika maisha yake. Na kwa kuwa mhariri sasa atakuwa mgumu, miaka minne haitoshi kumtikisa. Mwaka wa kigazeti unaishia na saba. Saba ukiikwangua kichwa inabaki moja. Miaka kumi badala ya minne! Kitu gani kinaweza kuharibika?

Nimekaa mezani dirishani penye mwanga, wembe mpya, lenzi, pumzi nimebana. Kazi ya dakika ishirini. Mkono wa fundi hausahau.

Karatasi ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Imetoboka. Tundu dogo tu, kama punje ya mtama, na mwaka umesalimika. Nilipoigeuza ndipo nikaona sentensi ya meza ya saba imechapwa upande wa pili, nyuma ya mwaka kabisa. Tundu limepita kwenye jina. Kilichobaki kinasomeka Bi. Sta, halafu mwanga wa dirisha.

Nitaziba kwa gundi ya unga. Hakuna mtu atakayeuliza lile jina lilikuwa la nani. Ile moja lakini imetoka safi sana.